Diazepamu Iliyokuwa Haloperidoli

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, wagonjwa 1,029 walilazwa Ituri na Haut-Uélé, kaskazini-mashariki mwa Kongo, shingo zimepinda, macho yamegeuka juu, ulimi umekakamaa. Kumi na mmoja walikufa. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya mkojo na vya vidonge vyenyewe ndivyo vilivyofichua ukweli: vidonge vya manjano hafifu vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, miligramu 10 hadi 20 kwa kidonge, wala diazepamu haikuwamo. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari.

Narudia kisa hiki kwa ajili ya Ibanda, komini ya mji wa Bukavu. Katika komini hii kuna nyumba zinazokaa na watu kwa miezi, kama Maison Dorcas inayowapokea wanawake waliotibiwa katika hospitali ya Panzi wasioweza kurudi makwao. Mtu anayeishi katika nyumba ya namna hiyo hunywa anachopewa. Usalama wake uko mikononi mwa anayegawa na anayemsimamia mgawaji.

Tatizo ni kwamba usimamizi wetu huishia kwenye lebo. Tunauliza: jina la mgonjwa ni lile? Dawa ni ile? Kipimo ni kile, saa ni ile? Muuguzi aliyegawa vidonge vile angejibu ndiyo kwa kila swali, na angekuwa mkweli. Lebo ndiyo iliyodanganya. Kumwadhibu muuguzi huyo kungekuwa dhuluma, na kusingemwokoa hata mtu mmoja.

Tazama njia ya kidonge. Kinatoka kwenye kopo la vidonge 1,000, kinahesabiwa na kuingizwa katika bahasha ndogo, na juu yake huandikwa jina la dawa na mara za kunywa. Namba ya toleo inabaki kwenye kopo, na kopo likiisha hutupwa. Siku mwili unapokakamaa, hakuna anayeweza kusema kidonge kilitoka wapi, wala nani mwingine alikinywa.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa. Kila kopo lipewe namba siku linapofunguliwa, na namba hiyo iandikwe kwenye fishi ya kila anayepewa. Masalio ya kopo la zamani yasimiminwe katika jipya. Kopo tupu litunzwe. Kisha, na hapa ndipo nyumba nyingi hulegea, msimamizi azisome fishi zote pamoja kila wiki. Watu watatu wenye dalili moja na namba moja ya kopo wanaonekana mara moja fishi zikiwekwa kando kwa kando. Fishi moja moja haisemi kitu.

Ununuzi nao una hatari zake. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 na benki kufungwa, kulipa depo ya dawa inayotambulika kumekuwa kugumu, na duka la jirani lenye bei nafuu linavutia. Nawaelewa wanaonunua hapo. Lakini dawa iliyonunuliwa hivyo ndiyo inayohitaji namba na fishi kuliko nyingine zote.

Mkakamao wa haloperidoli kwa kawaida hutokea katika siku tano za mwanzo, na huwapata zaidi vijana na watoto. Kwa hiyo kila kopo jipya liangaliwe kwa makini siku hizo. Shingo ya kwanza ikipinda, mgonjwa apelekwe hospitali, kopo lifungiwe, wote waliokunywa kutoka humo watafutwe jioni ileile, na zone ya afya ijulishwe bila kusubiri mgonjwa wa pili.