Mizunguko 100 kwa Dakika 3

Kwa fundi wa Minago, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, mbalamwezi ndiyo msimu wa kazi. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza, wakifuata mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala ufukoni na wavuvi huleta taa zao zitazamwe. Katikati ya taa hizo ndipo nilipotua gramafoni ya marehemu baba, nikauliza swali nililokwisha kulijibu moyoni: niitengeneze, au ninunue mpya?

Fundi hakujibu. Aliing'oa sahani, akaushika mhimili kwa vidole viwili, akautikisa. Kisha akapitisha ukucha juu ya kigurudumu cha mpira kinachosugua ukingo wa sahani kwa ndani ili kuizungusha. Mashine ikiachwa miaka bila kufanya kazi, kigurudumu hicho hubaki kimebanwa pahala pamoja mpaka kinaingia bonde. Ndiyo maana kila wimbo ulikuja na mshindo, kana kwamba nyumba ya pili wanatwanga.

"Mhimili ungekuwa umelika, mzee, ningekwambia uende Bujumbura ukanunue," alisema. "Mpira na grisi ni kazi ya mikono."

Hesabu yangu ilikuwa tofauti. Ninayo santuri moja ya Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Ni santuri ya mizunguko 78, nzito, ikianguka ndiyo basi. Mashine mpya nyingi huishia 33 na 45. Zile za bei rahisi, zenye umbo la sanduku, hujigamba kwamba 78 zinaiweza, lakini sindano zake ni za mifereji myembamba ya santuri za baadaye. Santuri ya zamani hutaka ncha nene karibu mara nne. Ya baba ina ncha mbili, unageuza tu. Mkono wake ni mzito, sikatai. Santuri zangu za 33 nikizipenda nitazitafutia mashine inayokanyaga kwa gramu 2. Bosco abaki hapa.

Nilichokuja kukipenda ni namna alivyosubiri. Msasa aliuegemeza kwenye mpira huku mota ikizunguka, akazima, akapima kwa kidole, akaurudisha. Grisi iliyoganda kama gundi aliifuta kwa petroli, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Tone la pili alilikataa: likichuruzika hadi kwenye mpira, sahani itateleza. Umeme ulipokatika, jirani alitupa waya wa jenereta yake. Fundi akashukuru, akaenda kunywa chai. Mota ya namna hii hufuata mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde. Jenereta ikizidiwa mapigo hupungua, na mwimbaji naye hushusha sauti kama mwenye usingizi. Huwezi kupimia mizani inayoyumba.

Umeme uliporudi ziwa lilikuwa limekwisha kuimeza milima ya Kongo. Alichora mstari wa chaki ukingoni mwa sahani, akaweka 33 na theluthi, akavua saa na kuilaza mezani. Mashine iliyo sawa huzunguka mara 100 kwa dakika 3. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, nami nikahesabu.

"Tisini na nane," nilisema.

"Bado," akajibu, akaing'oa tena sahani.