Hongera Wanaoelekezana Riwaya za Upelelezi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haijapata mpiga debe mwaminifu kuliko msomaji wake mwenyewe. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, vitabu hivi vimesafiri kwa kauli moja: “Hiki umekisoma?” Vimepita bweni hadi bweni na kiti hadi kiti ndani ya basi, mpaka vikapoteza majalada.

Navutiwa hasa na jinsi wasomaji hawa wanavyojuana. Apendaye kufumbua fumbo taratibu huelekezwa kwa Bwana Msa na kiko chake. Mwenye damu moto hupewa mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba. Anayetaka mtanashati mwenye maneno matamu, hata hatari ikiwa mlangoni, atakabidhiwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kumpatia mtu kitabu kinachomfaa ni kipaji, tena kinastahili heshima kubwa kuliko tunavyokipa.

Kisha kuna uungwana wao. Msomaji anajua muuaji ni nani, ulimi unamwasha, lakini anakusifia kitabu kizima bila kuidokeza siri hiyo. Hongera kwao wote! Na wale walio na nakala ambazo madukani hazionekani tena, nao bado wanaziazimisha, pongezi zao ziwe maradufu.