Volti, Si Muda, Ndizo Zinazoitia Titani Rangi

Kishikizo cha titani, yaani kipande kinachounganisha kipandikizi kilichomo mfupani na taji la jino, kina kasoro moja ya sura: ukijivu wake hupenya ufizi mwembamba, na jino la mbele, hata likichongwa kwa ustadi, huonekana limekaa juu ya kivuli. Baadhi ya maabara za meno hukipa kipande hicho rangi ya dhahabu au waridi kwa umeme, bila kukipaka chochote. Kipande hufungwa kwenye ncha chanya ya umeme wa mkondo mmoja na kutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya fosfati au asidi hafifu, ncha hasi ikiwa humo humo. Oksijeni hujiunga na titani, na utando wa oksidi ambao metali hii huwa nao daima, wa nanomita chache tu, hunenepa.

Utando huo wenyewe hauna rangi. Mwanga unaoakisiwa juu yake hukutana na ule uliozama ukarudishwa na metali. Baadhi ya rangi hufutana, nyingine huongezeana nguvu, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Rangi huamuliwa na unene, na unene huamuliwa na volti, takriban nanomita mbili kwa kila volti. Volti 30 hivi hutoa buluu, karibu na 60 dhahabu, kupita 70 waridi. Ndiyo maana sikubaliani na anayetaka kukoleza rangi kwa kuongeza dakika. Utando huzuia umeme: ukifikia unene unaolingana na volti zilizowekwa, mkondo hushuka sana, na kungoja hakuongezi kitu cha maana. Mabaka aghalabu hutokana na alama ya kidole, mabaki ya nta au mguso mbovu wa waya. Tena, aliyeipita dhahabu hairudii kwa kushusha volti. Sharti autoe utando wote aanze upya, kwa hiyo volti zipandishwe taratibu.

Kwa nini basi isitumike zirkonia, iliyo nyeupe tangu mwanzo? Hoja ina uzito, ila zirkonia huweza kuvunjika ghafla, na ikikaa moja kwa moja juu ya kipandikizi cha titani hukila, kwa kuwa ni ngumu kukizidi. Pingamizi kali zaidi ni la uimara: vyombo vya kusafishia meno hukwaruza utando mwembamba namna hii. Ni kweli, lakini rangi inahitajika chini ya ufizi, ambako msuguano wa kila siku ni mdogo. Wala haihitajiki kwa kila mgonjwa. Utafiti wa Zurich uliochapishwa mwaka 2007, uliotumia taya za nguruwe, ulionyesha kwamba ufizi wa milimita 3 huficha tofauti ya rangi machoni. Faida iko kwa wenye fizi nyembamba, na kwao fundi aitazame rangi kipande kikiwa kimelowa, maana unyevu hubadilisha mwako wake, na mdomoni hakitakaa kikavu.