Mtoto Asiye na Jina: Je, Malcolm ni Mrithi Halali?

Katika semina zetu, kila tunapofika mwisho wa tamthilia ya Macbeth, jibu huwa ni lile lile: dhalimu ameuawa, mrithi halali amerudi, nchi imepona. Mimi mwenyewe niliandika hivyo katika insha yangu ya kwanza, na alama nikapata. Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo. Uhalali wa Malcolm umejengwa na mtunzi, na umejengwa kwa kumfuta mshindani mmoja.

Tuanze na historia. Duncan wa kweli hakuwa mzee, wala hakuchinjwa usingizini. Alitawala tangu 1034, akauawa mwaka 1040 katika mapigano na watu wa Macbeth. Zama hizo kiti cha Uskoti hakikuwa lazima kitoke kwa baba kwenda kwa mwana. Kilizunguka kati ya matawi ya ukoo wa kifalme, na mara nyingi alikipata mtu mzima mwenye nguvu ya kukilinda. Kwa hiyo Macbeth naye alikuwa na dai lake. Alitawala miaka 17, na mwaka 1050 alikwenda hija Roma. Sasa jamani, mtu anayeogopa kupinduliwa atakwenda safari ya mbali kiasi hicho?

Mkewe aliitwa Gruoch, mwenye damu ya kifalme. Kwa mume wake wa kwanza alimzaa Lulach. Macbeth alipouawa Lumphanan mwaka 1057, aliyetawazwa ni huyo Lulach. Malcolm alikipata kiti mwaka 1058, baada ya Lulach naye kuuawa.

Shakespeare hamtaji Lulach hata mara moja. Lakini alama yake imebaki. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la saba, Lady Macbeth anasema amewahi kunyonyesha mtoto. Mtoto yuko wapi? Wahakiki wamehangaika sana na swali hili. Wengine husema alikufa, wengine kwamba mtunzi alisahau. Kwa maoni yangu, tusiliite kosa. Mtoto huyo akipewa jina tu, Malcolm anageuka kuwa mdai mmoja kati ya wawili, na ule mwisho mtamu unaharibika.

Sababu haiko mbali. Tamthilia iliandikwa yapata 1606, na James wa Uskoti alikuwa amekalia kiti cha Uingereza tangu 1603. Mfalme anayejivunia nasaba yake asingefurahia kuonyeshwa kwamba nasaba husafishwa kwa upanga.

Hata hivyo, Shakespeare si kasuku wa ikulu. Katika sehemu ya nne, onyesho la tatu, Malcolm anajisingizia uzinzi, uroho na kila uovu ili ampime Macduff, kisha anayakana yote kwa mkupuo mmoja. Macduff anaduwaa, na msomaji naye anaduwaa: tumwamini Malcolm yupi? Halafu anarudi kwao na askari 10,000 wa Uingereza chini ya Siward. Mara tu anaposhinda, anawabadilishia wakuu wake cheo cha thane na kuwapa cha earl, cheo cha Kiingereza. Ukombozi gani huu unaoanza kwa kuazima vyeo vya jirani aliyekukopesha jeshi? Hapo mtunzi ametuachia mlango wazi, ila sisi tunaupita bila kuchungulia.

Wengi wetu tumeifikia kazi hii kupitia Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Hatuna deni lolote kwa mfalme James, basi kwa nini tuendelee kumlindia lango? Mwanafunzi mwenzangu, kabla hujaandika "mrithi halali" katika insha yako, jiulize: halali kwa sheria ya nani? Na ni nani aliyezuiwa kupanda jukwaani ili uhalali huo upatikane?

Mjadala uendelee.