Moto Wenye Kimo

Joka lilikuwa futi 40 juu ya ua wa ngome, na chini yake mashujaa wawili wamebanana na maadui. Mchawi akataka kurusha tufe la moto. Msimamizi wa mchezo hakukimbilia kuhesabu miraba ya ubao. Alitoa uzi wenye alama ya wino kila inchi, na kila inchi ni futi 5, akashika ncha moja hewani juu ya sanamu za mashujaa, nyingine akaizungusha taratibu. Kitovu akakiweka futi 25 kutoka sakafuni. Tufe hilo lina nusu kipenyo cha futi 20, kwa hiyo linamfikia joka na kukomea futi 5 juu ya ardhi, pale pale inapoishia nafasi ya mashujaa. Kitovu kingeshuka hadi futi 15, moto ungetandaza sakafuni duara la nusu kipenyo cha futi 13 na ushei, na mashujaa hao wangeteketea. Meza nzima ilikuwa imeinua macho.

Ufundi huu una asili yake. Gary Gygax na Dave Arneson, waliotoa mchezo huu wa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, walilelewa na michezo ya vita ya mezani, ambako umbali hupimwa kwa rula. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilieleza kuwa tufe la moto lina takriban futi 33,000 za ujazo, na kwamba hufuata umbo la mahali linapolipukia. Sasa lilipue katika njia ya pangoni yenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10: moto utajaza futi 330 za njia, nusu mbele, nusu nyuma, na mchawi asiyepiga hesabu ataungua pamoja na wenzake. Kwangu mimi hakuna kanuni nzuri kuliko hii. Ilimfanya mchezaji aulize dari iko juu kiasi gani, na aliyeuliza hivyo alikuwa ameshaingia pangoni kwa akili yake yote.

Toleo la nne la mchezo huo, la 2008, liliugeuza moto kuwa mchemraba wa miraba 7 kila upande. Tufe lilirudi mwaka 2014. Mazoea ya kutazama juu hayakurudi nalo. Siku hizi programu hupaka miraba rangi nyekundu, mchezaji anabofya, na mara nyingi nimeona kiumbe anayeruka akiunguzwa sawa na panya wa sakafuni. Husemwa kuwa hesabu inachelewesha mchezo. Inachelewesha kweli, lakini ni katika muda huo ndipo ngome hupata kuta, na kuta zikapata dari. Wachezaji wapya wananyimwa hayo bila kujua. Mchawi wao anaweza kuweka moto popote hewani, naye kila mara anauweka chini, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba angeweza kuupandisha.