Nota Nzuri Hujulikana Kwenye Karatasi

Mwalimu wa kwaya anayetafuta programu ya kuandika nota huanza na bei. Heri angeanza na karatasi. Chapa ukurasa mmoja wa wimbo wa sauti nne, kisha usome kama mwimbaji wa besi aliyesimama mstari wa nyuma kanisani, taa hafifu.

Angalia nafasi. Nota ya mapigo mawili ipate nafasi kubwa kuliko ya pigo moja, ila isifike maradufu. Kisha shuka kwenye maneno, maana hapo ndipo Kiswahili huziumbua programu. Neno kama "waliomtumainia" lina silabi tisa, na kila moja yaweza kudai nota yake. Chini ya nota za haraka silabi hubanana, vistari vya kuziunganisha hupotea, na mwimbaji huona maneno mawili pasipo na mawili. Programu nzuri husogeza nota zipishe maneno bila kuvuruga mapigo. Jaribu pia kuweka irabu mbili chini ya nota moja, jambo tunaloliimba kila siku. Kukata silabi usiiachie mashine: "mtu" ni m-tu, "ng'ombe" ni ng'o-mbe.

Kwa kipimo hicho MuseScore, ya bure, haina aibu. Toleo la 4, la Desemba 2022, hupanga ukurasa vizuri, na umbo la nota zake limepewa jina la Leland Smith, mbunifu wa SCORE, programu ya zamani iliyoheshimiwa na wachapishaji. Tahadhari moja: programu ni bure, lakini tovuti ya kubadilishana nota yenye jina hilohilo ina huduma za kulipia. Usilipe huko ukidhani unanunua programu.

LilyPond nayo ni bure, na kwa macho yangu hakuna inayoizidi kwa uzuri wa ukurasa. Ila nota unaziandika kwa herufi na tarakimu, hata kuziburuta kwa kipanya hakuna. Mwenye wimbo wa Jumapili hii aiache.

Dorico, iliyotoka 2016, toleo lake kamili ni la kulipia, na linastahili bei yake kwa anayeandikia okestra au bendi kubwa ya matarumbeta, mwenye karatasi ishirini za wapigaji za kupanga. Hata hivyo kulipa si kinga. Programu ya Finale iliuzwa tangu 1988, na Agosti 2024 watengenezaji wake wenyewe wakatangaza kuisitisha. Kwa hiyo, programu yako ikiruhusu, kila wimbo uhifadhi pia kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine husoma.

Halafu kuna mashine ya fotokopi. Nakala ya nakala hula mistari myembamba, basi inenepeshe kidogo, na kimo cha ile mistari mitano kiwe karibu milimita 6.

Kwa kwaya ya sauti nne na kinanda, sioni sababu ya kununua programu. Hela hiyo inunue karatasi nzito na wino.