Magari ya Kundi B na Mizani ya Safari

Wako watu wa rika langu ambao ukiwatajia miaka ya 1982 hadi 1986 hawakumbuki bei ya unga wala jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Wanakumbuka magari. Watakuhesabia Audi Quattro, Lancia 037, Peugeot 205 Turbo 16, Opel Manta 400 na Toyota Celica kana kwamba wanahesabu wajomba zao. Nami ni mmoja wao, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini nimefika umri wa kupima upya mambo niliyoyapenda nikiwa mtoto, na katika kuyapima nimeona kwamba sifa tunazoyapa magari yale zina kasoro. Haya ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Kwa msomaji ambaye hakuwako, nianze na asili yake. Mwaka 1982 wakuu wa michezo ya magari duniani walianzisha kanuni mpya, na chini ya kanuni hizo likazaliwa kundi lililoitwa Kundi B. Zamani kiwanda kilichotaka kuingia mashindano kwa gari la pekee kilipaswa kuunda magari 400 ya namna hiyo. Sasa yalitosha 200, na kiwanda kikitaka kuliboresha zaidi kiliruhusiwa kuunda mengine 20 tu ya mbio. Mlango ukawa wazi. Viwanda havikulazimika tena kuchukua gari la sokoni na kulitia nguvu. Viliweza kuunda chombo cha mbio tangu mwanzo, kisha vikakivisha sura ya gari la sokoni. Peugeot 205 Turbo 16 ilifanana na 205 ya mwalimu wa shule, lakini ukifungua nyuma unaikuta injini imekaa mahali pa mizigo. Lancia Delta S4 ilikuwa na injini isiyofika lita mbili, yenye vipulizio viwili vya hewa, ikatoa zaidi ya nguvu za farasi 450 katika gari lisilofika uzito wa tani moja.

Sifa ya kwanza inayotolewa ni kwamba haya yalikuwa magari bora kuliko yote yaliyowahi kukimbia. Ubora huo unapimwa kwa mwendo, kwa nguvu na kwa mlio. Juu ya mlio sina ubishi. Sisi tuliokaa upande wa Taita, si mbali na Voi, tulilisikia gari kabla hatujaliona. Kwanza ilikuja helikopta, kisha vumbi likapanda nyuma ya mlima, kisha ukaja mlio uliomfanya kuku aache mayai. Lakini mlio si kazi. Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema wazee, na gari la mashindano lina kazi moja nayo ni kumaliza njia kabla ya wenzake.

Hapo ndipo Safari inapokuwa mizani nzuri. Safari ya miaka ile haikuwa mbio za dakika kumi katika msitu uliofungwa. Ilikuwa zaidi ya kilomita 4,000 katika siku chache za Pasaka, juu ya barabara zilizoendelea kutumiwa na basi, ng'ombe na mwenye baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unanata kwenye magurudumu hadi yasizunguke. Isiponyesha, mawe yanakata matairi na vumbi linaingia mpaka ndani ya injini. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa 7 vilevile.

Sasa tuyaweke magari yetu katika mizani hiyo. Mwaka 1983 Audi ilileta Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo lilikwisha wageuza kichwa watu wa Ulaya. Lilikuja na madereva wakubwa, Hannu Mikkola na Michèle Mouton, yule mama wa Kifaransa aliyekuwa nusura atwae ubingwa wa dunia mwaka uliotangulia. Walimaliza wa pili na wa tatu. Aliyeshinda ni Ari Vatanen katika Opel Ascona 400, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lisilo na turbo. Mwaka 1984 alishinda Björn Waldegård katika Toyota Celica. Mwaka 1985 alishinda Juha Kankkunen, kijana aliyekuwa anaiona Safari kwa mara ya kwanza, tena katika Celica, na wa tatu akawa Mike Kirkland wa hapa kwetu katika Nissan 240RS. Mwaka 1986 Waldegård akarudia kwa Celica ileile. Lancia Delta S4, mfalme wa orodha zote za sifa, haikuletwa kabisa. Wenyewe walileta 037 ya zamani, na Markku Alén akaitoa ya tatu.

Celica ile nayo ilikuwa ya Kundi B, nisije nikaonekana ninaificha. Ilikuwa na turbo na nguvu za kutosha kumtisha mtu. Lakini ilikuwa na injini mbele na msukumo nyuma, kama teksi. Ukiifungua, fundi wa Mackinnon angejua kila kitu kimekaa wapi. Aliyeisimamia timu yao, Ove Andersson, alikuwa ameshinda Safari mwenyewe mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504, kwa hiyo alijua njia hii inataka nini. Na haki itendeke kwa upande wa pili: mwaka 1984 Audi ilishinda Ivory Coast, ambako njia nazo si za kubembeleza. Sisemi basi kwamba magurudumu manne hayakufaa Afrika; miaka ya baadaye yalishinda hapa mara nyingi. Ninasema kwamba katika miaka ileile inayosifiwa, magari yanayosifiwa zaidi yaliulizwa swali gumu kuliko yote, na jibu likatolewa na magari ambayo leo hayabandikwi ukutani.

Mjomba wangu alilijua jambo hili bila kusoma kanuni yoyote. Alikuwa fundi, na alikuwa na pikapu ya Peugeot 404, jamii ya gari lililoshinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Tulipomsifia Quattro alitusikiliza, akafuta mikono kwa tambara, akauliza, "Imefika?" Tukasema imeharibika Nanyuki, au wapi sijui. Akasema, "Basi mwanangu, nisifie iliyofika." Sisi tulimwona mzee asiyejua mambo. Pikapu yake ilibeba mahindi, maharusi na maiti wa kijiji kizima, na siku za mvua ndiyo iliyopita wakati magari mengine yamelala.

Sifa ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba enzi ile ilikuwa ya ushujaa, na kwamba woga wa wakuu ndio ulioiua. Hii siikubali hata kidogo. Tarehe 2 Mei 1985 Attilio Bettega alikufa Corsica katika Lancia 037. Tarehe 5 Machi 1986, huko Ureno, gari la Ford RS200 liliacha njia likaingia katika umati, na watazamaji watatu wakafa. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo, siku ileile ya Bettega, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walitumbukia bondeni Corsica katika Delta S4. Matangi ya mafuta yalikuwa chini ya viti vyao. Gari liliungua hata hapakusalia ila mifupa ya chuma. Wakuu wakatangaza kwamba kuanzia 1987 Kundi B halitashindana tena kuwania ubingwa wa dunia. Kuita uamuzi huo woga ni kuwadai watu wengine wafe ili sisi tuwe na hadithi.

Ninalisema hili kwa ukali kwa kuwa nami nilikuwa katika umati.

Ilikuwa Pasaka ya 1986. Habari za Ureno zilikuwa na majuma machache tu, lakini kwetu hazikufika, au zilifika tusizisikilize. Nilikwenda barabarani na mdogo wangu, mtoto wa miaka saba. Tulisimama kwenye kona, upande wa nje, pale ambapo kila mtu alisema ndipo gari linapoonekana vizuri. Mstari wa watu ulikuwa unasogea mbele kila gari likikaribia, kisha unarudi nyuma kwa kelele na vicheko. Mdogo wangu alikuwa mfupi, haoni. Nikamwambia, "Sogea mbele." Akasogea. Gari likaja kwa ubavu, mkia wake ukafagia ukingo wa njia, likapita. Sitalitaja gari wala dereva, kwa kuwa yeye alikuwa barabarani na sisi ndio tuliomfuata. Jiwe liliruka likampata mdogo wangu juu ya jicho.

Hakufa, wala hakupofuka. Alishonwa, na kovu analo hadi leo, linapita katikati ya nyusi. Jambo ninalolikumbuka kwa aibu ni kwamba kabla sijamtazama yeye nilimaliza kupiga makofi.

Miaka mingi baadaye tulikuwa kwake tukitazama kanda za mashindano ya zamani. Umati wa Ureno ulionekana ukifunguka mbele ya gari kama maji, na watu wakinyoosha mikono waliguse bodi linapopita. Mimi nikaanza kusifu, kwa mazoea. Yeye akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, wale wa mbele ni wafupi. Wameambiwa wasogee." Hakusema kwa lawama. Lakini tangu siku ile siwezi kutazama kanda hizo nikaangalia gari peke yake. Ninatafuta watoto.

Hii ndiyo kasoro yenyewe ya sifa zetu. Tunalitoa gari katika njia yake, tunaliosha vumbi, tunalitundika ukutani na kuhesabu farasi wake. Njia inasahauliwa, pamoja na waliokaa kando yake, na fundi aliyelala chini ya gari usiku kucha akibadili gia. Gari la mashindano halina maana nje ya mambo hayo. Chombo kinachoenda kasi kuliko macho ya mwenye kukiendesha, katikati ya watu ambao hawakuwekewa hata kamba, kilikuwa kimeundwa vibaya hata kama injini yake ilikuwa ya ajabu. Hukumu hiyo inawahusu walioandika kanuni, walioacha umati usimame popote, na sisi tuliosimama, kabla ya kuwahusu mafundi wa viwandani.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 upande wa Naivasha, katika njia fupi zilizofungwa na kulindwa. Wazee wenzangu walilalamika kwamba si Safari ile. Ni kweli, si ile. Mdogo wangu aliwapeleka wanawe. Walisimama mbali, nyuma ya kamba, juu ya kichuguu, na mdogo kuliko wote akawekwa mabegani. Nilimwuliza kama aliona vizuri. Akanijibu kwamba aliona yote, tangu vumbi lilipoanza mpaka lilipoisha.

Picha ya Quattro ninayo bado. Sijaitoa ukutani, kwa kuwa mtu hakani kitu alichokipenda. Ila mwaka juzi niliweka kando yake picha ya pikapu ya mjomba, imesimama mbele ya duka, matope hadi madirishani, na magunia nyuma. Wageni huuliza ile ya pili ilishinda nini. Mimi huwaambia ilifika.